Sheria Niliyoitunga Kwenye Mpira wa Australia Imehamisha Choo cha Mjane

Anti Raya, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanitukana, na kama nafasi ipo unijibu kwenye toleo la wiki hii, kwa sababu Jumapili inayokuja nimepangiwa kurusha jiwe mbele ya mtaa mzima, na nikishalirusha sijui uso wangu nitauweka wapi hapa Buswelu.

Naitwa Yakobo, nina miaka thelathini na minane, sijaoa, na kazi yangu ni kutafsiri filamu kwenye banda la video, yaani filamu ya Kichina au ya Kihindi ikiwekwa mimi nashika maiki nawaambia watu kwa Kiswahili kinachosemwa, na kusema ukweli Anti, Kichina sijui na Kihindi sijui, naangalia sura zao tu nabahatisha, mtu akilia nasema amefiwa, akikimbia nasema amefumaniwa, na kwa miaka kumi na moja hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Banda ni la Bi Mastura, mama mfanyabiashara wa siku nyingi, ambaye mwezi wa tatu mwaka huu alishusha kifurushi cha king'amuzi kwa sababu anazozijua mwenyewe, kifurushi kikaondoka na ligi ya Uingereza yote, ikabaki chaneli moja ya michezo, na Jumamosi ya kwanza watu wameshakaa kwenye mabenchi na chai yao na vitumbua, ile chaneli ikatuletea mpira wa Australia.

Sijui kama umewahi kuuona. Uwanja ni wa mviringo kama zizi la ng'ombe, mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama papai, wachezaji wamevaa fulana zilizokatwa mikono, wanaushika, wanaupiga ngumi, wanaupiga teke, mtu anaruka anamkanyaga mwenzake mabegani ili audake juu kwa juu na refa hasemi kitu, golini kuna nguzo nne na hakuna kipa, ila kuna mzee mmoja kavaa kofia anapunga bendera nyeupe. Watangazaji wanaongea Kiingereza ambacho hata mwalimu wa sekondari aliyekuwepo alisema si kile alichosomea. Watu walinyamaza dakika kama tano hivi, kisha Bi Mastura akanisogelea akaniambia taratibu, "Yakobo, sema kitu, watu wataondoka." Nikazima sauti ya runinga, nikashika maiki.

Mwanzo nilikuwa nataka tu kuwashikilia mpaka chai iishe. Wale wenye milia myeupe na myeusi nikawaita Pundamilia, wale wa njano na kahawia nikawaita Ndizi Mbivu, na majina ya wachezaji kwa kuwa siyasikii nikawapa ya kwetu, mmoja mrefu mwenye ndevu nikamwita Shija, na kwa kuwa Shija ni jina la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, watu wakaniuliza mapacha wako wapi, nikasema wamebaki nyumbani na mama yao. Mchezaji akiambiwa na refa asimame pale pale asitikisike, nikasema huyo alimjibu vibaya mkubwa wake. Mpira ukipita pembeni ya nguzo kubwa timu inapewa pointi moja, nikasema hiyo ni pointi ya pole. Watu wakaupenda, Anti. Jumamosi iliyofuata mabenchi hayakutosha, wengine walikuja kwa kivuko kutoka Kamanga, na Shija alipoumia goti mwezi wa tano akina mama wa jumuiya walimwombea kwa jina.

Sasa kuna Mzee Mhoja. Huyu ni mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa mfugaji upande wa Sengerema, akahamia kwetu kwa mwanawe na ng'ombe wake wanne, na watu wanamheshimu mpaka wamemweka kwenye baraza la usuluhishi la mtaa. Yeye mpira wa kawaida hakuwahi kuutazama, lakini huu alivyoona uwanja umezunguka kama zizi, hakukosa tena Jumamosi hata moja. Siku moja aliinua mkono katikati ya mchezo, mimi nikanyamaza maana ni mzee, akauliza, "Ng'wanawane, mwanangu, mpira ukitoka nje yule mwamuzi anaupokea, anawapa watu mgongo, halafu anaurusha nyuma juu ya kichwa chake bila kuangalia. Kwa nini?"

Anti Raya, hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui. Watu kama sitini walikuwa wananitazama. Nikasema kwenye maiki, "Mzee wangu, nchi ile mambo ya mpaka ni mazito. Anayeamua mpaka haruhusiwi kuona nani atafaidika. Anageuka, anarusha, panapoangukia ndipo haki ilipo." Mzee Mhoja alivua kofia akaiweka magotini.

Ingekuwa mtaa mwingine yangeishia pale. Lakini hapa kwetu mji unakuja mbio kuliko wapima ardhi, kila mtu amenunua kiwanja kwa mtu aliyenunua kwa mtu, na mpaka ni mnyaa ulioota wenyewe au ni jiwe alilokuwa analijua marehemu, kwa hiyo baraza la mtaa halikosi ugomvi. Mwezi wa sita ukaja ugomvi kati ya Selina na Nestory. Selina ni mjane, fundi cherehani, watu wanamwita Mama Rebeka. Nestory ni jirani yake, fundi pikipiki. Wachimba mtaro wa maji walikuwa wameng'oa minyaa yote iliyokuwa katikati yao na hakuna aliyekumbuka ilipokuwa imepita. Mzee Mhoja akawauliza kama wanakubali uamuzi usio na upendeleo kama wanavyofanya Australia, wote wakasema wanakubali, wakatia sahihi. Mzee akasimama barabarani kwenye nguzo ambayo wote waliitambua, akawapa viwanja mgongo, akarusha jiwe juu ya kichwa kwenda nyuma. Anti, yule mzee amewatupia mawe fisi ujana wake wote. Lilienda. Wakavuta kamba kutoka kwenye nguzo mpaka pale lilipoangukia jiwe, wakalifukia nusu liwe alama, na choo cha Selina, alichokijenga mwenyewe kwa tofali za kuchoma, kikabaki upande wa Nestory. Watu wakapiga makofi kwa sababu haikuwa na upendeleo.

Nestory si mtu mbaya. Hajamkataza. Ila ameweka kufuli kwa kuwa humo ndani sasa anatunza na magunia yake ya mkaa, kwa hiyo kila asubuhi Selina anakwenda kubisha hodi kuomba ufunguo, na Nestory ana adabu sana, hawezi kumpa mtu kitu kabla ya salamu, anamuuliza ameamkaje, Rebeka hajambo, kazi inaendeleaje, huko kwao Magu wamepata mvua, na Selina anajibu yote amesimama, ndipo anapewa.

Jambo lingine sijalisema. Nampenda Selina tangu mwaka jana. Nimempelekea suruali zangu zote azipunguze mpaka mbili haziwezi kuvaliwa tena. Yeye bandani haji kwa kuwa Jumamosi ana kazi nyingi, kwa hiyo hajui ile sheria ilitoka kwenye mdomo wa nani. Mwezi wa saba aliniambia, "Yakobo, wewe si unafanya kazi kule bandani? Nitafutie mtu aliyeleta hii sheria. Sitampiga. Nina swali moja tu la kumuuliza." Nikamjibu, "Nitamuulizia." Ndivyo nilivyomjibu, Anti.

Tangu hapo baraza limeamua kesi nyingine tatu kwa jiwe, mtu mmoja kisima chake kimegawanyika nusu. Na sasa Jumamosi hii ni fainali, saa moja na nusu asubuhi, na kesho yake Mzee Mhoja ameitisha mkutano wa viwanja kumi na kimoja kwa mpigo, lakini mkono wake umeanza kumuuma, amesema atakayerusha ni mimi, "maana ndiye mwenye elimu yake." Wameamua nivae fulana kama ya yule mwamuzi, na kazi ya kuishona wamempa Selina. Juzi alinipima mabega. Akaniuliza akiwa nyuma yangu na utepe, "Kumbe ni wewe utakayerusha?" Nikasema ndiyo. Akaandika vipimo kwenye daftari, akaviringisha utepe.

Nimefikiria mambo matatu. La kwanza, nihamie kwa binamu yangu Geita, siku hizi kwa daraja la Busisi ni kitambo kidogo tu nimeshafika ng'ambo. La pili, nirushe kwa ujanja mawe yaangukie pale yatakapompendeza kila mtu. La tatu, ambalo ndilo naliona zuri, nitangaze Jumamosi kwamba Australia wameibadilisha ile sheria. Naomba unichagulie, na pia uniambie kama ni vizuri kumposa Selina kabla au baada.

Ni mimi Yakobo, mtafsiri wa filamu, Buswelu.

ANTI RAYA ANAJIBU

Yakobo, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza. Mara ya pili nikafika pale mwanamke mzima anapoeleza habari za mvua ya Magu huku amebanwa na haja, kicheko kikaisha.

Nianze kwa kukuonea huruma kidogo, maana baada ya hapo haitakuwepo. Najua ugumu wa kuwa mbele ya watu sitini wanaosubiri neno lako. Na wewe ndiyo kazi yako, umekula miaka kumi na moja kwa kutokukubali kimya. Lakini Mchina wa kwenye filamu hana kiwanja Buswelu. Ukisema amefumaniwa na kumbe anakimbilia basi, haimpunguzii kitu. Ulipoulizwa na mzee, tena mzee wa baraza, tena kuhusu mpaka, hapo ulikuwa umeshatoka kwenye filamu, na wewe ulijua, ndiyo maana unakumbuka hata alivyovua kofia.

Na usinitajie adabu ya Nestory. Mtu mwenye adabu hatumii choo cha mjane kuwekea mkaa. Na Mzee Mhoja naye, kwa heshima zote, kugawa ardhi ya watu kwa kutazama runinga hakumfai. Ila hao hawakuniandikia. Umeniandikia wewe.

Umeniomba nichague kati ya matatu. Sichagui hata moja. Daraja la Busisi halikujengwa ili watu wakimbie aibu zao. Kurusha kwa ujanja maana yake utakuwa umewaibia watu kumi na mmoja kwa macho yaliyofumbuka, wakati mwanzo ulimwibia mmoja kwa uzembe. Na hilo unaloliona zuri, la kusema Australia wamebadilisha sheria, ndilo baya kuliko yote, kwa sababu watakuuliza sheria mpya ni ipi, na mimi nakujua sasa, utajibu. Baada ya mwezi mmoja Buswelu watakuwa wanagawana nyumba kwa kupiga teke papai.

Sasa utafanya hivi. Ijumaa asubuhi nenda kwa Selina kazini kwake, mlango ukiwa wazi na watu wanapita. Usibebe suruali. Usibebe zawadi yoyote. Usianze kwa kusema kuna mtu fulani, wala kwa kusema watu wanasema. Sema "ni mimi." Halafu nyamaza, jambo ambalo kwako litakuwa gumu, na umwache aulize hilo swali lake. Ukiulizwa kama ulichosema ulikijua au ulikibahatisha, jibu moja tu.

Ukitoka hapo nenda kwa Mzee Mhoja nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Mzee asije akasikia kwenye maiki mbele ya watu anaowaamulia. Mwambie akiwa amekaa, tena kabla hajala, kwa sababu baada ya chakula wazee wanasamehe haraka na hutakuwa umeonja chochote. Akitaka kukufukuza, aondoke yeye kwenye kiti kwanza, wewe usitangulie kukimbia.

Jumamosi, kabla ya mpira na si baada yake, shika ile ile maiki uliyosemea uongo uwaambie watu wote, kwa maneno machache. Bi Mastura akikukonyeza, mwache akonyeze. Jumapili hakuna jiwe. Mwende na wazee wa baraza kwa mwenyekiti wa mtaa, mwombe mpima ardhi kwa barua, na mngoje kama Watanzania wengine wanavyongoja.

Kuhusu kuposa. Yakobo, mwanangu, mwanamke hajarudishiwa choo unamletea habari za ndoa? Mdomo wako upumzike. Ukiwa na la kumwambia zaidi ya pole, liache lilale.

BAADA YA WIKI TATU

Yakobo ameandika tena. Nimefupisha pale aliponishukuru. Yaliyobaki ni kama alivyoandika.

Anti Raya, shikamoo. Nilifanya kama ulivyosema, ila mpangilio ulibadilika kidogo. Ijumaa saa tatu nilifika kwa Selina, mlango wazi, alikuwa anashona sare za kwaya. Nikasema, "Mama Rebeka, aliyeleta ile sheria ni mimi." Hakuinua kichwa. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema, "Swali langu ni hili. Kwa nini nyuma?"

Nikamwambia sijui. Kule kwao yule mwamuzi anarusha nyuma kweli, hilo sikulitunga, lakini sababu yake siijui, niliulizwa mbele ya watu nikaona aibu.

Akasema, "Yaani mimi miezi mitatu nabisha hodi kwa sababu wewe uliona aibu asubuhi moja." Nikasema ndiyo. Nilidhani atalia au atanitukana, nilikuwa nimejiandaa kwa hayo mawili. Akavua utepe shingoni, akafunga cherehani, akasema, "Twende kwa mzee. Nataka nikusikie ukimwambia." Kwa hiyo sikwenda peke yangu, nilipelekwa.

Mzee Mhoja tulimkuta anafunga ndama. Nilimwambia yote nimepiga magoti, Selina amesimama nyuma yangu. Mzee hakukasirika kama nilivyotegemea. Alikaa kwenye ndoo aliyokuwa ameifudikiza, akauliza, "Na Shija?"

"Shija nilimpa jina mimi, mzee. Jina lake la kwao silijui."

"Na mapacha?"

"Hakuna mapacha."

Hapo, Anti, ndipo nilipoona nimemuumiza. Suala la viwanja alilipokea kama mtu mzima, lakini habari ya mapacha ilimwingia. Kisha akasema, "Goti lakini lilikuwa linamuuma kweli." Nikamwambia goti lilikuwa linamuuma kweli, hata kwenye runinga lilionekana limevimba. Akasema, "Basi sala za wale akina mama hazikupotea." Akachukua fimbo yake, akatuambia tumfuate, akaenda mpaka kwenye lile jiwe kati ya Selina na Nestory, akainama, akaling'oa kwa mikono yake. Nilitaka kumsaidia akanizuia. "Nililirusha mimi," alisema, "nitalitoa mimi."

Nestory alikuwa chini ya pikipiki ya mteja. Alijifuta mikono akasikiliza, kisha akatoa ufunguo mfukoni akampa Selina kwa mikono miwili, akasema hata yeye alikuwa amechoka, maana tangu mwezi wa sita hajawahi kuamka kwa wakati wake. Aliomba tu magunia mawili ya mkaa yabaki mpaka Jumapili. Selina akamwambia yatoke sasa hivi. Yakatoka sasa hivi, mimi nilibeba moja.

Jumamosi ilikuwa ngumu zaidi. Banda lilijaa mpaka nje. Nilisema maneno machache kama ulivyoagiza, na yule mwenye kisima kilichogawanyika alisimama akanitukana vizuri kabisa, sikumjibu. Watu kama kumi walitoka. Mmoja akauliza ile pointi ya pole nayo ni uongo? Nikasema pointi ipo, pole ni ya kwangu. Mama mmoja wa jumuiya akasema yeye hakuja kusikiliza kesi, amekuja kuona fainali, niwashe sauti. Nikawasha. Wakasikiliza kile Kiingereza dakika kumi, mpira unakwenda huku na huku, filimbi inalia, hakuna anayeelewa kwa nini, na mabenchi yakaanza kutoa sauti ya watu wanaotaka kuondoka.

Mzee Mhoja alikuwa mbele mahali pake pa siku zote. Akageuka akasema, "Yakobo, shika maiki. Ila ukifika usipopajua, sema hapo sijui, tupite pamoja."

Nikashika. Anti, tangu nizaliwe sijawahi kutangaza kitu kigumu vile. Namba tano ameudaka, wamempa mpira apige, wenzake wamezuiwa, kwa nini wamezuiwa sijui. Ameukosa, wamepata moja. Refa amepiga filimbi, sababu siijui. Mwanzoni kila nikisema sijui kulikuwa kimya, mpaka kufika robo ya tatu watu walikuwa wanasema nami, refa akipiga filimbi banda zima linasema "hatujui", wanacheka, wanaendelea kutazama. Waliokuwa wametoka walirudi wakasimama mlangoni. Bi Mastura ameniambia mwaka ujao kifurushi hakipandishi.

Barua ya mpima ardhi imepelekwa, tumeambiwa tungoje. Ile fulana ya mwamuzi Selina alikuwa ameshaikata, ameigeuza foronya.

Sasa nina swali moja tu. Jana Selina alinisimamisha barabarani, akasema anataka kujenga bafu karibu na choo, na kama nina nafasi Jumanne nije na jembe nimchimbie msingi. Hakutabasamu wala hakununa. Usiku mzima najiuliza, je, hii ni adhabu, ni kazi, au ni dalili? Na kama ni dalili, niseme nini nikifika?

ANTI RAYA ANAJIBU

Yakobo, nenda na jembe lenye mpini mzima. Ukifika salimia, umuulize msingi upite wapi, na uchimbe pale pale atakapokuonyesha.